Maoni Yetu: Bendera irudi kwa wenye nchi

Saa kumi na mbili jioni, pita karibu na kituo cha polisi. Filimbi inalia. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani anasimama hapohapo alipo, dereva wa bodaboda anazima pikipiki, watoto waliokuwa wakikimbizana wanaganda kama wamepigwa picha. Askari anashusha bendera taratibu, anaikunja, filimbi inalia tena, na mtaa unaendelea na shughuli zake. Muulize yule kijana wa bodaboda kwa nini alisimama. Hatakutajia uhuru wala Muungano. Atakwambia: "Wale jamaa watakukamata."

Jibu hilo ndilo linalotusumbua. Bendera ya Tanzania imebuniwa kwa akili nyingi, na ina historia ambayo taifa lolote lingeionea fahari. Lakini Mtanzania wa kawaida anaijua kama mali ya ofisi. Anasimama inapopandishwa na inaposhushwa, basi. Nyumbani hana, dukani hajui kama anaruhusiwa kuitundika, na mwilini anaivaa siku ya mpira tu. Maoni yetu ni kwamba kosa hili si la wananchi wala la mchoro. Tumeishona ovyo, tumeiacha ichakae, kisha tukaizungushia hofu.

Tuanze na mchoro, kwa sababu wengi tumeuzoea kiasi cha kutouona tena.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa manane Dar es Salaam, ikapanda ya kijani na nyeusi yenye mistari myembamba ya njano. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni mwa Kilimanjaro akiwa na bendera hiyo pamoja na mwenge. Rangi zile watu walikuwa wanazijua tayari: kijani, nyeusi na kijani zilikuwa rangi za TANU. Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, zilipanda rangi za ASP, yaani buluu, nyeusi na kijani.

Tarehe 26 Aprili 1964 nchi hizo mbili zikaungana, na Mwalimu Nyerere akachanganya udongo wa pande zote mbili mbele ya watu. Udongo ni rahisi, unamiminwa tu. Bendera ni kazi nyingine. Ukichukua milia ya huku na milia ya kule ukaipanga mmoja juu ya mwingine, lazima wa mmoja uwe juu na wa mwenzake uwe chini, na mtu wa Unguja angeuliza siku ya kwanza kwa nini wake uko chini. Wakubwa waliotutawala walikwama hapohapo. Walipounganisha misalaba ya bendera zao mwaka 1606, na tena mwaka 1801, Wales ilikosa nafasi, na haimo hadi leo.

Jibu letu, lililoanza kutumika rasmi tarehe 30 Juni 1964, lilikuwa kulaza kila kitu mshazari. Utepe mweusi unapanda kutoka kona ya chini, upande wa mlingoti, hadi kona ya juu ya upande unaopepea. Juu yake kuna pembetatu ya kijani, chini yake pembetatu ya buluu, zote mbili za ukubwa mmoja. Nyeusi ilikuwemo katika bendera zote mbili za zamani, kwa hiyo ikakaa katikati na ikapewa maana ya watu. Kijani ni ardhi na mimea yake, njano ni madini, buluu ni bahari, maziwa na mito. Hakuna mnyama, hakuna silaha, hakuna maandishi. Mtoto wa darasa la pili anaichora kwa rula na penseli nne za rangi.

Vile vimstari vya njano pia havikuwekwa kwa urembo peke yake. Viondoe, kisha simama mita 50 kutoka mlingotini jioni yenye mawingu: nyeusi itamezwa na kijani upande mmoja na buluu upande wa pili, na watu waliotajwa kuwa kiini cha bendera hawataonekana. Kenya imetumia mistari myeupe kwa kazi hiyohiyo, kutenganisha nyeusi, nyekundu na kijani. Na mshazari wenyewe tunaufuata tukiwa na wenzetu kadhaa: St Kitts na Nevis tangu 1983, Namibia tangu 1990, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kwa bendera yake ya 2006. Ile ya St Kitts na Nevis, ukiweka buluu penye nyekundu na kufuta nyota zake mbili, umepata ya kwetu.

Basi hatuna ugomvi na mchoro. Ila una mtego mmoja, nao unatuumbua kila siku.

Ipindue bendera yetu, kichwa chini miguu juu. Utepe mweusi bado unatoka kona ileile kwenda kona ileile. Kilichobadilika ni kwamba buluu imepanda juu na kijani kimeshuka chini. Bendera ya milia iliyolala ikipinduliwa jicho hushtuka mapema. Ya kwetu inaweza kupepea hivyo wiki nzima, mwalimu akapita, diwani akapita, na hakuna aliyegeuza shingo. Kanuni yake ni fupi kuliko namba ya simu: kijani juu, mlingotini. Ukiitazama kwa nyuma utepe utaonekana umeinamia upande mwingine, na hapo hakuna kosa, mradi kijani kipo juu na kimegusa mlingoti. Ni somo la dakika mbili. Tungependa kujua ni shule ngapi zinalifundisha kabla ya kumkabidhi mtoto kamba.

Mtego wa pili uko kwenye cherehani. Kitambaa kikikatwa mshazari huvutika, kila fundi anajua. Akikivuta kidogo upande mmoja wakati sindano inatembea, utepe mweusi unajikunja kama mto, njano ya juu inatoka nene na ya chini inatoka nyembamba, na pembetatu mbili zilizopaswa kuwa sawa zinakuwa kubwa na ndogo. Fundi mzuri hubana kwa pini kwanza, hupitisha uzi wa mkono, kisha ndiyo hukanyaga. Fundi mwenye haraka, aliyepewa oda ya bendera kadhaa kabla ya ziara ya kiongozi kesho yake, hukanyaga moja kwa moja. Na rangi huchukua iliyopo dukani. Ndiyo maana ukitembea mtaa mmoja wa ofisi utakutana na buluu ya anga, buluu ya sare ya shule na buluu inayokaribia zambarau, zote zikidai kuwa bahari ileile.

Halafu kuna uchakavu. Nenda kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, au zahanati, au shule ya msingi iliyo mbali na lami. Utakuta mlingoti wa bomba la maji, na juu yake kitambaa ambacho njano yake imepauka ikawa nyeupe na kijani chake kimekuwa kama maji ya mchicha. Upande unaopepea pindo limefumuka, nyuzi zinaning'inia, na kila upepo unaondoka na kipande. Kisha geuza macho hatua chache kutoka hapo, kwenye tawi la chama cha siasa. Bendera ni mpya, rangi zinang'aa, na mlingoti umepakwa rangi.

Hatuwalaumu wenye vyama. Wao wanajua thamani ya kitambaa: mtu akiona bendera yao safi, anajua wapo. Serikali nayo inalijua hilo, lakini bendera ya taifa haina fungu linaloeleweka katika ofisi nyingi za chini. Mtendaji ana karatasi za kununua, ana mafuta ya pikipiki, ana mgeni wa wilaya. Bendera inasubiri mpaka ziara itangazwe.

Vyama vimeifanyia bendera jambo jingine pia, bila kukusudia. Rangi za taifa zilizaliwa ndani ya vyama vya ukombozi, na hakuna aibu katika hilo. Lakini TANU na ASP viliungana tarehe 5 Februari 1977 vikawa CCM, chenye kijani na njano, na tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 rangi zimekuwa kadi ya utambulisho. Mtanzania akivaa kijani na njano leo, mwenzake anauliza kama ni CCM au ni Yanga. Shabiki wa Simba ataivaa kwa shingo upande. Mpinzani ataogopa kuonekana amehama, na mtumishi wa umma ataogopa kuonekana anafanya siasa. Kwa hiyo rangi nne za wote zimebaki na watu wachache wenye ujasiri wa kuzivaa pamoja.

Kiswahili kinamkejeli mtu asiye na msimamo kwa kumwita bendera fuata upepo. Ya taifa ndiyo hasa haitakiwi kufuata upepo wa msimu wa uchaguzi. Dawa yake ni kuifanya iwe nyingi, ionekane kila mahali na mikononi mwa kila aina ya mtu, hadi isiwezekane kuihusisha na upande mmoja.

Hapo ndipo tunapogonga ukuta wa hofu. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa, na ni haki iwepo, kwa sababu hakuna nchi inayokubali alama zake zichezewe. Tatizo ni kwamba mwananchi anaijua kwa fununu. Amesikia mtu alikamatwa, hajui kwa kosa gani. Amesikia kibali kinahitajika, hajui cha nini na kinatolewa wapi. Mwishoni mwa 2018 ulitoka waraka wa serikali uliozuia kutumia wimbo wa taifa, bendera na nembo bila kibali. Rais John Magufuli aliutengua, na alifanya vizuri. Lakini fikiria safari ya waraka ule: kuna watu ofisini walioona kwamba hatari kubwa inayoikabili bendera ni wananchi kuitumia kupita kiasi. Sisi tunaona hatari iko upande wa pili kabisa.

Watazame majirani zetu. Nchini Kenya bangili ya shanga za rangi za bendera iko kwenye mikono ya mbunge, kondakta, mwanafunzi na mtalii anayeondoka. Hakuna aliyewalazimisha. Na Kenya si nchi isiyo na sheria: kupeperusha bendera kwenye gari ni haki ya viongozi wachache wa juu, na mwaka 2014 sheria iliongezwa makali kwa wanaojipa cheo hicho bila kustahili. Wamelinda bendera ya cheo na wameiachia huru bendera ya mwananchi. Juni 2024 vijana walipoingia mitaani kupinga Muswada wa Fedha, wengi walijifunga bendera ya taifa mabegani na kuipeperusha. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini kwa kitambaa kile walisema kwamba nchi ni yao, na wala hawakuhitaji rangi za chama kulisema.

Afrika Kusini inatoa somo jingine. Bendera yake ya rangi sita ilipanda tarehe 27 Aprili 1994 ikiwa ya muda, kusubiri mchoro wa kudumu. Watu waliichukua. Waliichora mashavuni, wakaijaza viwanjani, na baada ya muda mfupi hakukuwa na mwenye hamu ya kutafuta nyingine. Katiba ya 1996 ikaithibitisha. Kamati ilileta kitambaa, watu ndio walioifanya bendera.

Na sisi tunao ushahidi wetu. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Usiku ule bendera zilitoka madirishani mwa magari, zikafungwa viunoni na vichwani, na hakuna aliyemuuliza jirani yake kadi ya chama. Huzuni pia imewahi kutuonyesha. Mwalimu Nyerere alipofariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999, watu waliotazama bendera ikipepea nusu mlingoti waliitazama kweli, kama mtu anavyomtazama ndugu. Kwa hiyo mapenzi yapo. Yanakosa mahali pa kukaa siku za kawaida.

Kuna wanaosema tukiilegezea kamba bendera itashuka hadhi: itachapwa kwenye kandambili, itakuwa tangazo la bia, itafutiwa meza za baa. Hoja hiyo ina uzito na hatuidharau. Lakini sheria inaweza kabisa kutofautisha mtu anayeitundika bendera safi dukani kwake na mtu anayeitumia kuuza pombe. Anayeivaa shingoni uwanjani hafanani na anayeichoma. Sheria inayowaweka wote katika kapu moja la "bila kibali" inamtisha mwema na haimzuii mwovu.

Wapo pia wanaohofia kwamba bendera zikiwa nyingi Muungano utapata nyufa. Wakumbuke mwaka 2005, Zanzibar iliporudisha bendera yake ya buluu, nyeusi na kijani baada ya miaka 40 bila kuwa nayo. Yalisemwa mengi. Waliotunga bendera ile waliweka bendera ya Muungano katika kona ya juu, upande wa mlingoti, mahali panapotazamwa kwanza. Miaka 20 imepita, zote mbili zinapepea, na malumbano ya Muungano yaliyopo yanahusu fedha, madaraka na katiba. Hakuna lililoletwa na kipande cha kitambaa.

Tunapozungumzia wenye nchi, tusiwasahau waliozichora alama zetu. Mwaka 2017 tulimzika Mzee Francis Maige Kanyasu, Ngosha, aliyejulikana na wengi kama mchoraji wa nembo ya taifa, ile ya bibi na bwana. Nchi ilishtuka kumkuta Buguruni, mzee mgonjwa, katika maisha ya dhiki, huku mchoro uliohusishwa na jina lake ukiwa kwenye kila barua ya serikali. Kulikuwa na mabishano kuhusu nani hasa alichora nini, na mabishano hayo yenyewe ni ushahidi wa uzembe: taifa halikuandika vizuri kumbukumbu za alama zake wakati wahusika wakiwa hai na wenye nguvu. Mtoto anayefundishwa maana ya rangi nne afundishwe pia kwamba kuna watu walikaa mezani wakafikiri.

Tufanye nini? Tuna mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Kwanza, rangi na vipimo vya bendera vitangazwe kwa lugha ya fundi. Uwiano wa mbili kwa tatu, upana wa utepe mweusi, upana wa njano, na kipande halisi cha kila rangi kiwekwe mahali ambapo mwenye cherehani anaweza kukiona na kukigusa. Shirika la Viwango Tanzania linapima nondo na saruji; haliwezi kushindwa na kitambaa.

Pili, kila ofisi ya umma, kuanzia kijiji na mtaa, iwe na fungu dogo la bendera kwa mwaka na mtu mmoja anayewajibika. Bendera ikipauka au ikifumuka, ishushwe kwa heshima na ipande mpya. Mkaguzi anayehesabu viti na kompyuta anyanyue na shingo kidogo.

Tatu, sheria ifafanuliwe kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa mmoja, ubandikwe shuleni na ofisi za mtaa: mwananchi anaruhusiwa nini bila kuomba, anatakiwa kibali kwa lipi, na lipi ni kosa. Kama kuitundika nyumbani ni halali, aambiwe. Kama kuna kifungu kinachomzuia bila sababu ya maana, Bunge likiondoe.

Nne, tarehe 30 Juni ipewe kazi. Hatuombi sikukuu nyingine, zilizopo zinatosha. Tunaomba siku moja ambayo shule zinafundisha mchoro wa bendera, mafundi wanaonyesha kazi zao, na kila anayetaka anatundika yake mlangoni bila kuangalia nyuma.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Wageni watakuja na bendera zao wakiwa wamezivaa mwili mzima, na kamera zitazunguka majukwaani zikitafuta zetu. Itakuwa aibu wakikuta za kukodi, za buluu tatu tofauti, nyingine zimepinduliwa.

Wewe msomaji huna haja ya kusubiri waraka. Kesho asubuhi ukipita kwenye shule, zahanati au ofisi ya mtaa, inua macho. Kama bendera imechanika, mwambie mwenyekiti wa mtaa au mwalimu mkuu. Kama imepinduliwa, mweleze kwa adabu aliyeipandisha: kijani juu, mlingotini. Na filimbi ikilia jioni, simama ukijua kinachoshushwa ni chako.